Tahariri: Riziki ya Jikoni Isiingiliwe na Riba

Shukrani zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, sahaba zake na wote waliofuata njia yao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, atembeaye baada ya Swala ya Alfajiri katika mitaa ya Mbagala, Chamazi, Buza na Yombo, au kwa upande wa pili Tandale, Tegeta, Bunju na Mabwepande, haoni watu wengi barabarani, lakini huuona moshi. Ni moshi wa mkaa utokao katika nyua za kina mama waliokwishaamka zamani, waliosaga mchele tangu jana, wakachanganya nazi, hamira na iliki, na sasa wamekaa mbele ya chuma cha vitumbua. Wengine wanakanda maandazi, wengine wanakunja sambusa, wengine wanapima karanga za kusaga na unga wa lishe katika vifuko. Katika mitaa yetu wapo watoto wengi ambao ada, sare na kitabu chao cha madrasa vimetoka katika chuma hicho.

Mwezi huu tumeona tulizungumze jambo hili, kwa kuwa limekuwa kubwa kuliko tunavyolipa uzito. Tunasikia khutba juu ya biashara za wenye maduka na wenye malori. Jiko la uani halitajwi. Na hali humo jikoni ndimo yanamokutana mambo manne ambayo dini yetu imeyasemea waziwazi: kuchuma halali, usafi, uaminifu wa kipimo, na riba. Hilo la nne ndilo linalotutia hofu zaidi.

Kwanza tuondoe dharau. Wapo ndugu wanaoona kuuza vitumbua ni kazi ya mtu aliyeshindwa. Hao wakumbuke kisa cha Swahaba Abdurrahman bin Auf (R.A.), kilichosimuliwa na Imamu Bukhari. Alipohamia Madina mikono mitupu, ndugu yake wa Kiansari, Sa'd bin Rabi', alimpa hiari ya kugawana naye mali nusu kwa nusu. Abdurrahman alimwombea baraka ndugu yake, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Akaenda katika soko la Banu Qaynuqa', na faida aliyorudi nayo ilikuwa jibini kavu na samli. Tajiri yule ambaye baadaye misafara yake ilitikisa Madina alianza na chakula, tena kidogo, na bila deni la mtu.

Wala wasidhani kuwa uchumi wa mwanamke ni jambo geni katika Uislamu. Mama yetu Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara kabla ya Utume. Mama yetu Zainab bint Jahsh (R.A.) alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake, akitengeneza ngozi na kushona, na alichokipata akikitoa sadaka. Na Qur'an Tukufu, katika Suratun Nisaa aya ya 32, imeweka wazi kuwa wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma wao. Faida ya vitumbua ni mali ya aliyevichoma.

Hapa tuseme jambo ambalo baadhi ya kina baba hawatalipenda. Kumezuka tabia mbaya katika nyumba zetu: mke akianza kuuza maandazi, mume huanza kupunguza pesa ya matumizi, na baada ya miezi michache huacha kabisa. Nyumba inalishwa na jiko la mama, na baba anakaa barazani. Huo si Uislamu. Matumizi ya mke na watoto ni wajibu wa mume hata kama mke ana mali. Mke akitoa chake kusaidia nyumba, hiyo ni hisani yake na ana ujira kwa Mola wake, mke wa Abdullah bin Mas'ud (R.A.) alipouliza kuhusu kumpa sadaka mumewe na mayatima aliowalea, Mtume (S.A.W.) alimjulisha kuwa ana malipo mawili, ya ujamaa na ya sadaka. Zingatieni neno hilo: ni sadaka. Wala sadaka haidaiwi kwa ngumi.

Pili ni usafi. Waislamu tunajivunia tahara, na ni haki yetu. Lakini yapo maji ambayo kwa hukumu ya fiqhi yanafaa kutawadhia, hayakubadilika rangi, ladha wala harufu, na bado yakawa na vimelea vya kipindupindu visivyoonekana kwa jicho. Visima vingi vya mitaa yetu vimechimbwa hatua chache kutoka kwenye mashimo ya vyoo. Mama atakayepika kwa maji hayo bila kuyachemsha au kuyatia dawa, na akaoshea nayo vyombo na kutengenezea juisi, anaweza kuwa na udhu wake kamili na akawadhuru majirani wa mtaa mzima. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilizuka jijini Dar es Salaam kikianzia Kinondoni, kisha kikaenea mikoa mingi. Miongoni mwa hatua zilizochukuliwa ilikuwa kupiga marufuku uuzaji wa vyakula katika maeneo ya wazi. Uchafu wa wachache ulifunga riziki ya wengi.

Kwa hiyo mwenye jiko ayashike haya: maji yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni kila atokapo chooni na kila ashikapo pesa, kilichopikwa kifunikwe kisikaliwe na nzi, kibichi kisikae pamoja na kilichoiva, mwenye kuharisha au mwenye kidonda mkononi asipike siku hiyo hata kama wateja wanangoja. Na tuongeze moja linalotuhusu sisi wenye kuchapisha: msifungie vyakula katika karatasi za magazeti. Wino si chakula. Na zaidi ya hapo, kurasa kama hizi zina jina la Allah na maana za aya zake. Si adabu zilowe mafuta ya sambusa kisha zitupwe jalalani. Mifuko ya plastiki ya kubebea nayo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Zipo bahasha safi za karatasi, na mteja akija na chombo chake ni bora zaidi.

Tatu ni uaminifu. Imamu Muslim amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakutana na unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu watu waione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Tutafakari: nafaka iliyolowa na kufichwa chini ndiyo hiyohiyo inayoota ukungu, na katika ukungu huo ndimo inamozaliwa sumu tunayoiita sumukuvu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Sumukuvu haionekani, na haiondoki kwa kupika kama tunavyopika majumbani. Inapenda mahindi na karanga, vitu vile vile ambavyo kina mama wetu wanavitumia kusaga siagi ya karanga na unga wa lishe wa watoto. Anayechambua karanga, akaona zilizosinyaa na zenye ukungu, kisha akazisaga pamoja na nzima kwa sababu unga hauonyeshi, huyo amerudia kosa la yule mtu wa sokoni, na aliyemlisha ni mtoto mchanga.

Uaminifu ni pia katika kipimo, na Suratul Mutaffifin imeanza kwa onyo kali kwa wapunjaji. Kifuko kilichoandikwa nusu kilo kiwe nusu kilo. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi hadi yakawa meusi yamwagwe. Na tukisema halali tusiishie kwenye nyama iliyochinjwa vizuri tu. Tuangalie na vikolezo vya keki na mafuta tunayoyanunua, tujue vimetengenezwa kwa nini.

Baada ya hayo, wengi hutuuliza: Je, serikali inaruhusu? Tujibu kwa kadiri ya nafasi. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 ndiyo iliyoanzisha TFDA, na ilitaka jengo linalotengenezewa au kuuziwa chakula lisajiliwe. Tangu tarehe 1 Julai 2019 shughuli za chakula zimehamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Kwa hiyo anayeambiwa leo aende TFDA kwa ajili ya achari au unga anapotezwa. Kwa vyakula vya kuliwa papo hapo, kama vitumbua na chapati, mtu wa kwanza kumwendea ni afisa afya wa kata, ambaye ataangalia mahali pa kupikia na kuelekeza juu ya kupima afya. Kwa vyakula vya kufungasha vinavyokusudiwa madukani, mlango ni SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, linalofundisha usindikaji na kutoa barua ya utambulisho kwenda TBS. TBS nayo imekuwa na utaratibu wa kuwapa wajasiriamali wadogo alama ya ubora bila malipo katika kipindi cha mwanzo. Kina mama wengi hawalijui hili, na wajanja huwatoza pesa kwa huduma hiyo. Namba ya mlipa kodi nayo hutolewa na TRA bure. Nendeni wenyewe.

Lakini haki isemwe: sheria yetu iliandikwa kwa kumtazama mwenye jengo. Mama mwenye vyumba viwili vya kupanga, anayepika uani kwa zamu na wapangaji wenzake, atasajili jengo gani? Nchini Marekani jimbo la California lilipitisha mwaka 2012 sheria mahususi ya vyakula vya nyumbani, ikaanza kutumika Januari 2013. Inamruhusu mtu kutengeneza katika jiko la nyumba yake vyakula visivyohitaji jokofu, kama mikate, jamu na viungo vikavu, kwa masharti ya mafunzo na ya kuandika kwenye kifungashio kilichomo ndani yake na kwamba kimetengenezwa nyumbani. Hekima ya sheria hiyo ni kutenganisha kinachoharibika upesi na kisichoharibika upesi. Wawakilishi wetu wanaweza kuitafakari. Na dada anayeanza leo anaweza kuitumia hekima hiyo kabla sheria haijabadilika: aanze na visheti, kashata, viungo vya pilau na mikate, asikimbilie maziwa, nyama na samaki ilhali umeme hukatika na jokofu hana.

Nne, na ndilo lililotufanya tushike kalamu, ni mtaji. Ndugu Waislamu, katika mitaa yetu mikopo hii imepewa jina na wenyewe wanaoichukua: kausha damu. Jina limesadifu. Wakopeshaji hawa hufika hadi mlangoni, hawaulizi mengi, na pesa hutoka siku hiyohiyo. Marejesho huanza kesho yake.

Tufanye hesabu, maana wengi huingia bila hesabu. Tuseme dada yetu amekopa shilingi 200,000 arejeshe 240,000 kwa siku 30. Hiyo ni shilingi 8,000 kila siku. Tuseme kila asubuhi anatumia shilingi 15,000 kwa mchele, nazi, sukari, mafuta, iliki, hamira na mkaa, anapata vitumbua 100 na kuviuza shilingi 200 kila kimoja. Vikiisha vyote anapata 20,000, na faida yake ni 5,000. Maana yake ni kwamba hata siku njema kuliko zote, faida haifikii rejesho. Anapungukiwa shilingi 3,000 na lazima azitoe katika mtaji. Kwa siku 30 ni shilingi 90,000, na hapo watoto hawajala kwa pesa hiyo. Sasa tuseme kumi wameliwa na watoto, na kumi wamekopeshwa kwa majirani wasiolipa. Mauzo ni 16,000, faida ni 1,000, na mkusanyaji bado anataka 8,000 zake. Ndipo dada huyo anapokopa kwa mwingine kumlipa wa kwanza. Kisha huondoka jiko la gesi, godoro na televisheni. Kisha huja kujificha, kuhama usiku, na talaka, kwa kuwa mume hakujua au alijua akanyamaza.

Allah Subhanahu Wataala amehalalisha biashara na akaharamisha riba. Aya ya 275 ya Suratul Baqara iko wazi, na aya ya 279 ina tangazo la vita kutoka kwa Allah na Mtume wake kwa wasioacha. Ni biashara gani ya sambusa itakayostawi ikiwa imetangaziwa vita hiyo?

Wapo watakaosema: serikali imeweka taratibu, basi hakuna neno. Ni kweli kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijiti zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Tunashukuru kwa hatua hizo, kwani zinapunguza dhulma. Lakini leseni haigeuzi haramu kuwa halali. Ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi uliowekewa wakopeshaji ni nafuu kwa mdaiwa, ila kwetu sisi riba ndogo ni riba. Vivyo hivyo kwa vikoba vyetu. Kuchangishana na kupeana zamu hakuna tatizo. Tatizo ni pale mwanachama anapokopa laki moja na kutakiwa arudishe laki moja na kumi, kisha ziada ikaitwa faida ya kikundi. Kubadilisha jina hakubadilishi hukumu.

Basi dada afanyeje? Hatuwezi kumwambia acha tukamwachia njaa. Tunaziona njia nne.

Ya kwanza ni kuanza kidogo kwa chake mwenyewe, kama alivyoanza bin Auf. Kilo mbili za mchele hazihitaji mkopeshaji. Faida ya wiki inunue kilo ya tatu. Pesa ya jiko isikae pamoja na pesa ya nyumba, na kila kinachotoka kiandikwe, hata vitumbua vya watoto. Suratul Baqara aya ya 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, inazungumzia kuandika madeni. Tunaisoma kila Ramadhani, lakini daftari hatuna.

Ya pili ni mikopo ya halmashauri. Kwa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023 kutokana na kasoro za usimamizi, ikarejeshwa mwaka 2024. Ni ajabu kwamba jambo hili lisilo na riba limewekwa mlangoni petu, kisha wanaolijua ni wengine, na Waislamu wanapanga foleni kwa kausha damu! Muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Someni mkataba kabla ya kusaini, mjiridhishe kuwa hakuna nyongeza iliyofichwa.

Ya tatu ni Zaka. Masikini anayeweza kazi lakini hana nyenzo, wapo wanazuoni waliosema apewe kiasi cha kumsimamisha. Chuma cha vitumbua, jiko na gunia la mkaa ni bora kwake kuliko noti ya elfu tano kila Idi.

Ya nne ni wajibu wa misikiti. Tunazihimiza kamati za misikiti ya Kinondoni na Temeke zianzishe mfuko wa qardhu hasan, mkopo mwema usio na nyongeza, wenye daftari, mashahidi na wadhamini, na unaosomwa hesabu zake hadharani. Tuna ndugu wanaochangishana mamilioni kwa harusi ya usiku mmoja. Hawawezi kushindwa na mfuko wa kuwakopesha kina mama kumi. Na misikiti mingi ina eneo nyuma ya madrasa, maji, na masufuria makubwa yanayosubiri shughuli. Kwa nini pasijengwe jiko moja safi, likakaguliwa na kusajiliwa, kina mama wakapika kwa zamu kwa stara na heshima? Kwa njia hiyo aliyekosa jengo atalipata, na futari za Ramadhani zitanunuliwa kwao.

Mwisho tuwausie kina mama wenyewe juu ya watoto. Mtoto wa miaka tisa kubebeshwa ndoo ya vitumbua alfajiri hadi akachelewa shule, au binti kuachwa stendi ya daladala hadi usiku na deli la karanga, si msaada kwa familia. Faida ya shilingi elfu mbili haiwezi kununua kilichoharibika hapo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ijayo kila mmoja amuulize imamu na kamati yake swali moja: katika jamaa yetu, ni nyumba ngapi zinadaiwa kausha damu, na msikiti umefanya nini? Tusiwaache dada zetu wapigane na riba peke yao, kisha tukawalaumu walipoanguka.

Tunamwomba Allah Subhanahu Wataala azibariki riziki za wachumao kwa halali, awatoe waliozama katika madeni, na atujaalie tuwe wenye kusaidiana katika wema na uchaji. Amin.

Wabillahi Tawfiq.